Nani Mwenye Lugha? Mabishano ya Waingereza juu ya Maneno Yao na Mafunzo Yake Kwetu

Utangulizi

Ni nani kati yetu asiyemfahamu mzee wa mtaani ambaye kila jioni huisikiliza taarifa ya habari kwa sikio moja la kutafuta habari na sikio la pili la kuwinda makosa? Mtangazaji akisema “masaa mawili” badala ya “saa mbili”, mzee huguna. Kijana akisema “lisaa limoja”, mzee hutikisa kichwa. Kiongozi akisimama jukwaani na kutamka kwamba angependa “kuchukua nafasi hii” kuwashukuru wananchi, mzee huuliza nafasi hiyo itachukuliwa ipelekwe wapi, maana ajuavyo yeye nafasi hutumiwa. Na mtu akihitimisha hoja yake kwa maneno “mwisho wa siku”, hali jua lingali utosini, mzee huizima redio.

Karaha ya namna hii si jambo la kuchekwa. Mtu aliyelelewa ndani ya lugha huiona lugha hiyo kama nyumba ya wazee wake, na kila neno lililotumiwa visivyo huwa kwake kama tofali lililong'olewa ukutani. Lakini si haki kudhani kwamba karaha hii ni yetu peke yetu, wala kwamba imezuka katika kizazi hiki. Lugha ya Kiingereza, ambayo wengi wetu tulifundishwa shuleni kana kwamba ilishuka ikiwa imekamilika na kanuni zake zimechorwa juu ya mawe, ina historia ya ugomvi wa namna hiyo hiyo kwa muda wa zaidi ya miaka mia tano. Wenyewe wamegombana juu ya tahajia, matamshi, maneno ya kigeni, mahali pa kuweka kielezi, na hata juu ya jina la yai.

Katika insha hii nakusudia kuieleza historia hiyo kwa ufupi, kisha nionyeshe mahali ilipogusana na historia ya Kiswahili. Swali linalotuongoza ni moja: nani mwenye mamlaka juu ya neno? Je, ni mtawala, mwanachuoni, mtunga kamusi, ama ni msemaji mwenyewe?

Lugha iliyokuwa ya watwana

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba Kiingereza nacho kilipata kuwa lugha ya kudharauliwa katika nchi yake chenyewe. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa, wakaishinda Uingereza na kuitawala. Kwa muda wa karibu miaka mia tatu baada ya hapo lugha ya mfalme na makabaila wake ilikuwa Kifaransa, lugha ya kanisa na ya elimu ilikuwa Kilatini, na Kiingereza kikabaki kwa wakulima, wachungaji na watumishi. Alama za hali hiyo zipo hadi leo katika msamiati wao: ng'ombe akiwa zizini huitwa “cow”, jina la Kiingereza cha kale, nyama yake ikifika mezani huitwa “beef”, jina lililotoka Kifaransa. Aliyemchunga alimwita kwa lugha moja, na aliyemla akamwita kwa lugha nyingine.

Mwaka 1362 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba mashauri mahakamani yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu raia walikuwa hawafahamu yaliyosemwa juu yao kwa Kifaransa. Ajabu ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Sisi tulioona maazimio ya kukuza Kiswahili yakiandikwa kwa Kiingereza hatuna haja ya kuelezwa sana.

Kiingereza kilipoanza kurudi katika ofisi na vitabu kilirudi kikiwa vipande vipande. Kila jimbo lilikuwa na usemi wake. William Caxton, aliyekuwa wa kwanza kuleta mtambo wa kupigia chapa Uingereza mwaka 1476, alieleza taabu hiyo katika dibaji aliyoandika mwaka 1490. Alisimulia habari za wafanyabiashara waliokwama pwani ya Kent kwa kukosa upepo. Mmoja wao akaenda nyumbani kwa mwanamke kutaka chakula, akaomba mayai kwa neno “eggys”, lililotumiwa katika sehemu za kaskazini. Mwanamke akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule mtu akakasirika, maana naye hakujua Kifaransa. Mwenzake akaja akaomba “eyren”, neno la kusini, na hapo mwanamke akasema amefahamu vizuri. Caxton akauliza: mtu wa zamani hizi aandike neno gani kati ya hayo mawili?

Swali la Caxton ni la msingi, kwa maana mtambo wa chapa haukubali maneno mawili kwa bei ya moja. Mpiga chapa sharti achague, na kila achaguapo humpandisha msemaji mmoja na kumshusha mwingine. Neno la kaskazini ndilo lililoshinda mwishowe, nalo ni “egg” la leo. Halikushinda kwa kuwa lilikuwa bora zaidi ya lile la kusini. Yai halikuongezeka utamu kwa kuitwa hivi au vile.

Maneno ya wino

Katika karne ya 16 wasomi wa Uingereza walijikuta na lugha isiyokuwa na maneno ya kutosha kwa elimu mpya ya sayansi, tiba na falsafa. Wengi wakachota Kilatini na Kigiriki bila kiasi. Wengine wakaghadhibika, wakayaita maneno hayo ya kigeni “maneno ya kidau cha wino”, maana waliona yamezaliwa mezani kwa mwandishi badala ya kinywani mwa watu.

Mwaka 1553 Thomas Wilson, katika kitabu chake cha ufasaha wa kusema, alitunga barua ya dhihaka iliyojaa maneno ya namna hiyo ili watu wayacheke. Miongoni mwa maneno aliyoyafanyia mzaha yalikuwamo “celebrate”, “capacity” na “mundane”. Leo hakuna Mwingereza anayeyacheka hayo. Hata mtoto wa shule huyatumia. Lakini maneno mengine yaliyokuwa katika barua hiyo hiyo yamekufa kabisa, wala hakuna ayajuaye ila mwenye kupekua kamusi kubwa.

Sir John Cheke, aliyekuwa mwalimu wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alikwenda mbali zaidi. Alitaka Kiingereza kiandikwe safi, bila kuchanganywa na lugha nyingine. Alipoitafsiri Injili ya Mathayo alijitahidi kutumia mizizi ya Kiingereza peke yake: kwa akida wa askari mia alitunga neno “hundreder”, na kwa ufufuo akatunga “gainrising”. Maneno hayo yaliundwa kwa akili na kwa mapenzi ya lugha, wala hayakuwa na kosa lolote la sarufi. Lakini watu hawakuyachukua. Waliendelea na maneno ya kigeni waliyokwisha kuyazoea.

Hapa tayari tunaona kanuni mbili za maisha ya maneno. Ya kwanza ni kwamba neno la kigeni halidumu kwa kuwa msomi amelileta, wala halifi kwa kuwa msomi mwingine amelicheka. Ya pili ni kwamba neno la asili lililoundwa kwa uangalifu mkubwa laweza kukosa mtu wa kulisema.

Ndoto ya baraza

Wafaransa walianzisha chuo chao cha lugha mwaka 1635, chini ya uongozi wa Kadinali Richelieu, ili kiwe mlinzi wa Kifaransa. Waingereza waliona wivu. Mshairi John Dryden alikuwa miongoni mwa waliotamani chuo kama hicho, naye alikuwa mkali hata juu ya maandishi yake mwenyewe. Mwaka 1672 alimlaumu mwandishi aliyemtangulia, Ben Jonson, kwa kumalizia sentensi na kihusishi. Kisha, alipokitoa upya mwaka 1684 kitabu chake cha mwaka 1668, akazipanga upya sentensi zake zilizokuwa na kosa hilo. Kanuni hiyo, ambayo imewatoa jasho wanafunzi wa Kiingereza hata katika madarasa yetu, haikutoka katika desturi ya wasemaji. Mtu mmoja aliona haya juu ya kalamu yake, na haya yake ikawa sheria kwa wengine.

Mwaka 1712 Jonathan Swift, mwandishi mashuhuri wa safari za Gulliver, alitoa pendekezo rasmi kwa waziri mkubwa wa serikali, Robert Harley, kwamba liundwe baraza la kukisahihisha Kiingereza na kukifunga kisibadilike tena. Swift alichukizwa mno na mtindo wa vijana wa London wa kukata maneno. Hasa alilichukia neno “mob”, lenye maana ya kundi la watu wenye fujo, ambalo lilikuwa kipande kilichokatwa kutoka maneno ya Kilatini. Alilichukia pia “bamboozle”, yaani kumzuga mtu. Lakini Malkia Anne alifariki mwaka 1714, serikali ikabadilika, na baraza halikuundwa. Maneno yote mawili yangali hai, na moja kati yake, “mob”, limekuwa neno la kawaida hata katika maandishi mazito.

Kazi ambayo baraza halikuifanya ilifanywa na mtu mmoja. Samuel Johnson aliitangaza nia yake ya kutunga kamusi mwaka 1747, akaitoa mwaka 1755, akisaidiwa na makarani sita. Kamusi hiyo ilikuwa na maneno yapatayo 42,000. Johnson alipoanza alikuwa na tumaini kama la Swift, kwamba kamusi itaisimamisha lugha mahali pake. Alipomaliza, alikiri katika dibaji kwamba tumaini hilo halikuwa na msingi wa akili wala wa uzoefu, kwa sababu mtunga kamusi hana dawa ya kuyafanya maneno yasizeeke na kufa. Sikumbuki mwanachuoni mwingine aliyetumia miaka kama tisa kuijenga ngome, kisha akasimama mlangoni na kuwaambia watu waziwazi kwamba ngome hiyo haimzuii adui. Unyofu huo wa Johnson wastahili heshima kuliko kamusi yenyewe.

Kanuni inapogeuka fimbo

Katika karne ya 18 watu wengi wa Uingereza walianza kupata mali kwa biashara na viwanda. Mtoto wa fundi aliweza kuvaa koti kama la mtoto wa kabaila na kupanda gari la farasi kama lake. Ilibakia alama moja ya kumtambulisha, nayo ni usemi. Ndipo vitabu vya sarufi vikaanza kununuliwa kama chakula. Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, alitoa sarufi yake mwaka 1762. Lindley Murray alitoa yake mwaka 1795, nayo ikaenea katika shule za Uingereza na Marekani kwa miaka mingi.

Kanuni mojawapo iliyotiliwa nguvu wakati huo ni ile ya kukataza ukanusho mara mbili. Kwetu kanuni hiyo haishangazi, maana tukisema “hakuna asiyejua” tuna maana kwamba kila mtu anajua. Lakini Kiingereza cha Chaucer, katika karne ya 14, kilirundika vikanushi ili kukaza maneno tu, na wakulima wa majimboni waliendelea kusema hivyo kama babu zao. Kwa kalamu ya wanasarufi, usemi wa mababu ukageuka kuwa ujinga. Shakespeare mwenyewe hangenusurika katika mtihani wa sarufi ya Murray. Katika hotuba maarufu ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari, ndani ya mchezo ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, Shakespeare alitumia sifa ya kupita kiasi iliyorudufiwa, ambayo mwalimu wa karne ya 18 angeitia wino mwekundu.

Si wanasarufi wote waliokuwa wakali. Joseph Priestley, aliyetoa sarufi yake mwaka 1761, alishikilia kwamba hakimu wa lugha ni desturi ya wasemaji, na kwamba muda wenyewe utachagua lililo bora. Lakini watu waliokuwa wakitafuta vyeo hawakutaka kuambiwa wangoje muda. Walitaka kuambiwa lipi kosa, ili wasichekwe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ugomvi wa kitenzi-jina. Kiingereza husema “to go” kwa maneno mawili pale sisi tusemapo “kwenda” kwa neno moja. Waingereza wengine hupenda kuweka kielezi katikati ya hayo mawili. Henry Alford, aliyekuwa mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, alilikemea jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1864 juu ya Kiingereza cha Malkia. Mara akajibiwa na George Washington Moon, aliyeandika kitabu kizima kuonyesha makosa ya Kiingereza yaliyokuwamo katika maneno ya Alford mwenyewe. Hata hivyo karipio likashika mizizi. Mwaka 1892 Bernard Shaw aliandika gazetini kuwatetea waliopasua kitenzi-jina, na mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi, aliwacheka wale wanaoogopa kosa hilo bila kulijua. Sisi Waswahili tungeweza kuwaondolea taabu, maana husema “kutokwenda”, tukachomeka ukanusho katikati ya kitenzi-jina, na hakuna aliyepata kudhurika.

Wakati watu wakigombana hivyo, wanachuoni wengine walianza kuitazama lugha kwa jicho jipya. Mwaka 1857 chama cha wanafilolojia cha London kiliazimia kukusanya historia ya kila neno la Kiingereza kwa ushahidi wa maandishi. Kazi hiyo ilianza kutoka chapani mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, ikiwa na maneno zaidi ya 400,000. Ushahidi wake uliwafedhehesha wengi waliojigamba kulinda maana za asili. Ilionekana kwamba “nice”, ambalo leo lina maana ya kupendeza, hapo awali lilikuwa na maana ya mpumbavu. Na “silly”, ambalo leo ni mpumbavu, lilikuwa na maana ya mwenye heri. Hata “disinterested”, ambalo walinzi wa lugha husisitiza kuwa maana yake ni mtu asiye na upendeleo, wala si mtu asiyejali, lilipata kuwa na maana hiyo ya kutojali katika karne ya 17. Anayepigania jadi yampasa aulize kwanza jadi ya mwaka gani.

Ng'ambo ya Atlantiki

Marekani ilipojitenga na Uingereza ugomvi ulipata uwanja mpya. Mwaka 1781 John Witherspoon, mzaliwa wa Uskoti aliyetia sahihi Tangazo la Uhuru wa Marekani, alitunga neno la kuyaita maneno ya pekee ya Wamarekani, naye hakuyasifu. Thomas Jefferson alipotumia “belittle”, kwa maana ya kumdunisha mtu, jarida moja la London lilimfanyia mzaha mwaka 1787. Noah Webster akajibu kwa vitendo. Kamusi yake ya mwaka 1828, yenye maneno 70,000, ilithibitisha tahajia za Kimarekani, kwa imani kwamba taifa huru lastahili kuwa na lugha ya kujiamulia.

Tangu hapo Waingereza wamelalamika juu ya maneno ya Kimarekani kizazi baada ya kizazi, na kizazi kifuatacho kimeyatumia bila kujua yalikotoka. Mfano mkubwa ni “O.K.”, lililochapishwa Boston mwaka 1839 kama mzaha wa waandishi wa magazeti waliopenda kuandika vifupisho vya tahajia mbovu. Mzaha huo umeenea dunia nzima, hata katika vinywa vya watu wasiojua neno lingine la Kiingereza.

Wamarekani nao wamegombana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1961 kampuni iliyorithi kamusi ya Webster ilitoa toleo la tatu la kamusi kubwa, chini ya mhariri Philip Gove, likieleza jinsi watu wanavyosema badala ya kuwaagiza waseme nini. Magazeti makubwa yaliishambulia kamusi hiyo kana kwamba ni uhaini, hasa kwa kulitaja neno “ain't” bila kulikaripia vya kutosha. Katika miaka hiyo hiyo ukaanza ugomvi wa “hopefully”, kielezi kilichokuwa na maana ya “kwa matumaini” na ambacho watu walianza kukitumia kwa maana ya “ni matumaini yangu”. Shirika kubwa la habari la Marekani, Associated Press, lilikikubali mwaka 2012 tu. Na hadi leo wanabishana kama ni halali kutumia “they” kwa mtu mmoja ambaye hakutajwa kuwa ni mwanamume au mwanamke, ingawa matumizi hayo yana umri wa zaidi ya miaka mia sita. Katika jambo hili Kiswahili hakina ugomvi. “Yeye” humtosha kila mtu.

Kamati iliyovuka bahari

Mtu aweza kuuliza: yote haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu ugomvi huo ulivuka bahari ukaja kukaa kwetu.

Mwaka 1926 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliunda kamati ya kulishauri juu ya matamshi. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Robert Bridges, mshairi rasmi wa taifa, na baada yake Bernard Shaw. Wajumbe wenyewe mara nyingi hawakukubaliana, na vita vya mwaka 1939 vikaisimamisha kamati. Mwaka 1941 BBC ilipomweka Wilfred Pickles, mwenye lafudhi ya Yorkshire, kusoma taarifa ya habari, baadhi ya wasikilizaji walilalamika. Lafudhi ya mamilioni ya raia ilionekana haifai kubeba habari za taifa lao.

Katika miaka hiyo hiyo Waingereza walikuwa wakishughulika na lugha ya watu wengine. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 ulianzisha mjadala wa kuwa na Kiswahili kimoja cha shule, na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukaichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili kwa nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Katika miaka yake ya mwanzo kamati hiyo ilikuwa mikononi mwa maofisa wa serikali na wamisionari wa Kizungu. Wenyeji wa lugha waliingia katika miaka ya 1940. Taifa lililokataa baraza kwa lugha yake mwenyewe tangu siku za Swift lilikuwa sasa limeunda baraza kwa lugha ya watu wengine, likawa na uwezo wa kukubali au kukataa miswada ya vitabu.

Haki yatudai tuseme pande zote mbili. Kazi ya kamati ilikuwa na faida kubwa. Mtoto wa Bukoba na mtoto wa Lindi waliweza kusoma kitabu kimoja, na kamusi za mwaka 1939, zilizotokana na kazi ya katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, zimewasaidia watafiti wengi. Jambo lililomtaabisha Caxton mbele ya mtambo wake lilipata jibu. Lakini kila jibu la namna hiyo lina gharama yake. Kimvita, lugha ya mashairi ya Muyaka bin Haji, kiliambiwa ghafla kwamba ni lahaja. Mtoto wa Mombasa au wa Lamu aliyeandika neno alilolisikia kwa nyanya yake aliweza kukuta limekatwa kwa wino mwekundu na mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani. Jeraha hilo halijapona lote hata leo.

Mafunzo kwetu

Baada ya uhuru mamlaka ya lugha yalirudi mikononi mwetu. Kamati ilikwisha kuhamia chuoni Dar es Salaam mwaka 1964, ikawa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kazi ya wenyeji, ikatoka mwaka 1981. Hapo ndipo swali la insha hii linapotukabili sisi wenyewe.

Tuyatazame maneno machache. “Bepari” lilitoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara. Mwalimu Nyerere alipolifasiri jina la mchezo wa Shakespeare kuwa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, neno lilikuwa limekwisha kuhama kwenda kwenye maana ya mnyonyaji mwenye mtaji. “Ndugu” lilikuwa neno la damu. Katika miaka ya Azimio la Arusha likawa jina la kuitana raia wote. “Ikulu” lilitoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, likakaa penye bendera ya taifa. Mabadiliko hayo hayakuiharibu lugha, yaliipatia kazi. Hata tofauti ya “shule” ya Bara, iliyoachwa na Wajerumani, na “skuli” ya Unguja, iliyoachwa na Waingereza, haijawazuia watoto kwenda kusoma.

Upande wa pili, wataalamu walituletea “ngamizi” na “tarakilishi” kwa mashine ambayo watu wameendelea kuiita kompyuta. Maneno hayo yana ndugu zake katika tafsiri ya John Cheke. Hayakosi uzuri; yamekosa wasemaji wa kutosha, na yumkini yalichelewa kufika. Neno lililokwisha kupata kiti kinywani ni shida kuliinua.

Je, maana yake ni kwamba kila kitu kiachwe kiende kitakavyo? La, hasha. Mimi mwenyewe nachukizwa na “mwisho wa siku” kama yule mzee. Lakini nimejilazimisha kuuliza sababu ya kuchukizwa kwangu. Kama nachukia kwa kuwa maneno hayo ni mageni tu, basi mimi ni mfuasi wa Cheke, na historia itanipita. Lakini kama nachukia kwa kuwa msemaji ameacha kufikiri kwa Kiswahili, akawa anafikiri kwa Kiingereza na kutuletea makombo ya tafsiri, hali lugha yake ina “hatimaye” na “mwishowe”, basi nina hoja. Aidha, upatanisho wa ngeli ni uti wa mgongo wa Kiswahili. Anayesema “hii mtu” hakuongeza neno jipya katika ghala, bali amelegeza nguzo inayoshika paa. Na katika sheria, tiba na mikataba, neno lisilo na maana moja laweza kumpotezea mtu shamba au maisha.

Kwa hiyo naona kanuni ipimwe kwa kazi yake. Kanuni inayosaidia maelewano ifundishwe kwa bidii na kwa upole. Kanuni isiyokuwa na kazi nyingine ila kumtambulisha aliyesoma na asiyesoma ni vazi tu, na vazi halistahili kumwaga machozi ya mtoto. Nimeshuhudia darasani mtoto aliyesema “masaa” akichekwa na mwalimu wake na wenzake, na muhula wote uliobaki hakunyosha mkono tena. Kosa lake lilikuwa silabi moja. Hasara tuliyopata ni sauti nzima.

Mabaraza na wataalamu wana kazi kubwa: watoe maneno mapema kabla kiti hakijakaliwa, wasikilize lahaja zote, na waeleze sababu za uamuzi wao. Johnson alitufundisha kwamba mlinzi wa lugha ni kama mshika taa, huwaonyesha watu njia lakini hawezi kuwabeba. Mwenye lugha ni yule aisemaye, akiwa sokoni, shambani, mahakamani na darasani, kutoka Lamu hadi Lubumbashi. Lililobaki ni kumfanya aipende kiasi cha kutaka kuisema vizuri, na mtu hafundishwi kupenda kwa fimbo.